Konti ya kwanza ya ordinatere ni ya nani?

Hapa kwetu Butembo na Beni, koperative ya wachimbaji yenye haina ordinatere inaanza kuonekana ya zamani. Ingine ilitolewa na shirika, ingine ilinunuliwa okazyo kule Kampala, ingine ililetwa na mutoto wa mukubwa fulani mwenye alirudi toka Ubelgiji. Inafika, inawekwa ku meza ya biro, inafunikwa kitambaa juu ya mavumbi, na nyuma yake sekretere anaandika jina la koperative kwa rangi nyeupe ya kucha. Wote tunafurahi. Kisha kijana mumoja anaitwa aje kuiweka sisteme. Anakuja na flashi yake, anakaa saa mbili, anakunywa Fanta, analipwa dolari chache, anaenda. Hakuna mutu wa komite mwenye alikaa pembeni yake kusikia maulizo yenye mashini ilikuwa inauliza, na majibu yenye kijana alikuwa anatoa kwa jina letu.

Sisi wa sindika tunasema shida nyingi zinaanzia pale. Ndani ya yale maulizo iko moja yenye inapita zingine zote: nani atatumia ordinatere hii? Jina lenye litaandikwa pale, mashini inalikamata kama mwenye nyumba. Ule mutu wa kwanza njo mwenye anaweza kuingiza programu, kufuta wengine, kubadilisha maneno ya siri ya wengine, na kufungua dosie zao. Wengine wote watakuja nyuma yake kama wageni. Ni sawa na PDG wa shimo: wachimbaji wanaweza kuwa ishirini, lakini karatasi ya shimo iko na jina moja juu yake. Tofauti ni kwamba PDG tunamujua.

Tuliona namna mambo yalienda ndani ya koperative moja ya upande wetu. Jina tunaacha, wenyewe watajitambua. Ordinatere yao ilikuwa na konti moja tu, iliitwa «User», bila neno la siri. Prezida aliingia nayo, sekretere aliingia nayo, mutunza feza naye, na kijana wa kufagia biro aliingia nayo saa sita kwa kuangalia mupira. Siku moja, kwa mukutano mukubwa, walisoma listi ya wanamemba. Wachimbaji wa shimo moja zima hawakuwa tena ndani. Watu walisimama, walipiga makelele, na macho yote yaligeukia mutunza feza, mama mumoja mwenye alikuwa anashika ile listi kila juma. Alilia mbele ya watu. Walimwita fundi atazame. Fundi alifinya faili, alitafuta nani aliibadilisha mara ya mwisho, na ordinatere ilijibu: User. Ilijibu pia siku na saa, lakini saa ile watu wane walikuwa wamepita ku biro. Mpaka leo hawajue ni nani. Yule mama aliacha kazi.

Wengine wanasema kwamba kumupa kila mutu konti yake na neno lake la siri ni kuonyesha kwamba hatuaminiane. Tunawaonyesha yule mama. Kama angekuwa na konti yake, na wengine nao za kwao, ulizo lingejibiwa kwa dakika kumi. Konti ya wote inamuficha mwenye alifanya na inamuchafua mwenye hakufanya.

Na listi siyo karatasi ya kucheza nayo. Kodi ya madini ya mwaka 2002, yenye ilirekebishwa tarehe 9 Machi 2018, inataka muchimbaji wa mukono awe na kadi yake na awe ndani ya koperative yenye inatambuliwa na serikali. Kadi inadumu mwaka moja, kisha inaanzwa upya. Kila mara yenye inaanzwa upya, listi inafunguliwa. Mwenye jina lake lilitoka anakuta mulango umefungwa, hata kama anachimba tangu utoto. Tena ndani ya listi ile ile kuna feza ya matanga, feza ya mugonjwa, na deni la vifaa. Kwa hiyo mutu mwenye anaweza kufungua listi bila kujulikana, ameshika maisha ya watu mingi mukononi.

Sheria nayo inasaidia hapa, hata kama iliandikwa bila kufikiria ordinatere. Kongo iliingia ndani ya OHADA mwezi wa Septemba 2012, na sheria ya OHADA juu ya koperative inatenganisha wenye wanasimamia na wenye wanachunguza wasimamizi. Komite iko kwake, komisio ya uchunguzi iko kwake. Ni vizuri sana ku karatasi. Lakini kama wote wanaingia kupitia mulango moja, kwa jina moja, ule uchunguzi utafanyika wapi? Muchunguzi atamuchunguza nani, User?

Wamama zetu wa AVEC hawana haja ya kufundishwa jambo hili. Sanduku lao liko na kufuli tatu. Funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na sanduku lenyewe linalala kwa mutu mwingine mwenye hana hata ufunguo moja. Hakuna mwenye anakasirika kwamba hawamuamini. Siku ya kuweka, wote watatu wanakuja, wanafungua mbele ya watu, wanahesabu. Mume anarudi toka Manguredjipa na mavumbi mpaka ku kope, anakuta feza ya masomo ya mutoto ingali pale. Tunataka ordinatere ya koperative ifunguliwe na ifungwe vile.

Basi tuingie ndani ya kazi yenyewe, maulizo kwa maulizo, ili siku fundi atakuja, mutu wa komite akae pembeni yake akijua ile anaangalia.

Kwanza mashini inaanza ku flashi na inauliza luga. Watu wengi wanachagua Kifaransa na wanapita haraka. Ulizo lenye linafuata ni la klavye, na hapa wengi wanaanguka bila kujua. Ordinatere zenye zinatoka Uganda ao Dubai, mara mingi klavye yao inaanza na herufi Q-W-E-R-T-Y. Zenye zinatoka Ubelgiji na Ufaransa zinaanza na A-Z-E-R-T-Y. Ukichagua Kifaransa, sisteme inafikiri kwamba klavye nayo ni ya Kifaransa. Unafika pa kuandika neno la siri, na pale huoni herufi, unaona tu vidoti vyeusi. Tuseme unaandika «mama» ku klavye ya Uganda: mashini inapokea koma, q, koma, q. Wewe hujui. Siku chache kisha, mutu mwingine anarekebisha klavye, na neno lako la siri, lenye unaandika bila kosa hata moja, linakataliwa. Komite inasema mashini imekufa, inarudishwa ku fundi, inalipwa tena. Kumbe mashini haikukufa. Dawa ni rahisi: mbele ya kuandika neno la siri, liandike kwanza pa jina, kwa maana pale herufi zinaonekana. Kama zinatoka sawa, futa, andika jina, endelea. (Na tafazali, «mama» siyo neno la siri. Wala jina la koperative, wala 1234, wala mwaka wa kuzaliwa kwa prezida.)

Kisha inakuja diski. Kama mashini ni okazyo, fundi atauliza ao hatauliza: tunaacha vitu vya zamani ao tunafuta vyote? Mujibu: vyote. Tuliona ordinatere zenye konti za mwenye wa kwanza zilikuwa zingali ndani, na foto za arusi ya watu wa mbali, na neno la siri lenye hakuna mutu wa hapa analijua. Ni kama kupanga nyumba na mupangaji wa zamani angali na ufunguo. Lakini kwanza muhakikishe kwamba hakuna faili yenu ndani, maana kufuta ni kufuta.

Sasa konti. Windows 11, yenye mafundi wengi wanaweka siku hizi kwa sababu Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, inaomba intaneti na inaomba adresi ya email mbele hata ya kukufungulia. Kule Ulaya mutu haoni shida. Hapa kwetu intaneti ya biro ni telefone ya fundi. Anafungua mega zake, na kwa sababu komite haina email, anaweka ya kwake. Anafanya hivyo kwa roho safi, anataka amalize kazi. Lakini angalia ile imefanyika: ordinatere ya koperative ni ya email ya kijana. Neno la siri la kuifungua ni la email yake, anaweza kulibadilisha akiwa Bunia. Dosie yenye sisteme inatengeneza kwa ajili ya mutumiaji inakamata herufi tano za kwanza za email yake, na itabaki na lile jina hata kama kisha mutabadilisha jina lenye linaonekana ku ekrani.

Jambo lenye linapita yote ni hili. Tangu toleo la mwaka 2024, Windows 11 yenye imewekwa upya kwa konti ya email, ku mashini mingi, inafunga diski yenyewe kwa ufunguo wa siri bila kukuuliza sana. Ufunguo wa kuokoa, wa namba 48, unatumwa ndani ya ile konti ya email. Siku moja mashini inaharibika kidogo, fundi mwingine anaigusa, na ekrani inakuwa ya bluu inaomba namba 48. Ziko wapi? Ziko ndani ya email ya kijana mwenye alishaenda kutafuta maisha Kisangani. Bila zile namba, listi, hesabu, barua zote za koperative zimefungwa pale, na hakuna fundi wa Rue d'Ambiance wala wa Beni mwenye atazifungua.

Kwa hiyo mbele ya kumwita fundi, koperative ifungue email yake. Ifunguliwe na telefone ya koperative, siyo ya prezida, na watu wawili wajue kuiingia. Kazi hii inakamata nusu saa. Kisha wakati mashini inaomba email, munaweka ile. Zile namba 48 munaziandika ku karatasi siku ile ile.

Wengine wetu wameacha Windows, wanatumia Linux, zaidi sana Ubuntu. Ilizaliwa mwaka 2004, na mwenye aliianzisha ni mutu wa Afrika ya Kusini, Mark Shuttleworth. Jina lenyewe hatuhitaji mutafsiri: sisi tunasema utu, kwa Kinande tunasema omundu juu ya mutu, ni ndugu wa neno moja. Ubuntu hailipishwe na haikuombi email. Inauliza jina lako, jina la mashini, jina fupi la kuingilia bila nafasi na bila herufi kubwa, na neno la siri. Mutu huyo wa kwanza anapata ruhusa ya kuamuru kila kitu, lakini kila mara anataka kuamuru jambo kubwa, mashini inamuomba tena neno lake la siri. Debian, yenye Ubuntu ilitoka ndani yake, inauliza kwa namna ingine: inaomba kwanza neno la siri la mukubwa wa mashini, mwenye wao wanamuita «root», kisha inaomba la mutumiaji wa kawaida. Ukiacha la root bila kitu, basi mutumiaji wa kwanza njo anapewa ile nguvu. Mafundi wengi wanaruka pale bila kusoma.

Tunazungumuza hii ya bure kwa sababu wengi wetu tunatumia Windows ya wizi, yenye inafunguliwa na kaprogramu kadogo ka ndani ya flashi. Hatuhukumu mutu, bei tunaijua. Lakini kale kaprogramu kanasema nini kila mara? Kanasema: zima kwanza antivirusi, kisha niendeshe kama administratere. Ni mutu hujui, anakuomba ufunguo wa kesi na anakuomba umufunge mbwa.

Kanuni yenye sindika inafundisha ni moja: konti ya kwanza isiwe ya mutu, iwe ya koperative, na isitumiwe kwa kazi ya kila siku. Tunaiita «usimamizi». Kazi yake ni kuingiza programu, kufungua konti za wengine, basi. Kisha, siku ile ile, fundi angali pale, kila mwenye kazi anafunguliwa konti yake: sekretere, mutunza feza, mutu wa komisio ya uchunguzi. Hizi zote Windows inaziita «utilisateur standard». Prezida naye ni «standard». Hapa njo makelele yanaanza. Prezida anauliza namna gani yeye, mukubwa, atakuwa mutumiaji wa kawaida. Tunamujibu kwa heshima: papa, prezida wa AVEC hashike kufuli tatu zote. Wengine wanakubali, wengine wanakaa na hasira juma moja.

Faida haiko ya wizi tu. Flashi zetu zinazunguka kwa sekreteria piblike zote za mujini, tunazichomeka kila mahali kama mutu mwenye anakula kwa kila nyumba. Virusi inaingia na nguvu ya mutu mwenye ameiingiza. Kama umeingia kama administratere, nayo ni administratere. Wenye walitumia Windows XP wanakumbuka: konti zenye zilifunguliwa wakati wa kuweka sisteme zilikuwa zote na nguvu zote, na kila juma tulipeleka mashini kwa fundi. Tangu Vista, mwaka 2007, sisteme inasimama na kuuliza mbele ya jambo kubwa. Lakini ukiwa administratere inauliza tu ndiyo ao hapana, na mukono wetu umezoea kufinya ndiyo. Ukiwa mutumiaji wa kawaida, inaomba neno la siri la usimamizi, lenye huna. Unasimama, unamuita mwenzako, munaangalia wawili ni kitu gani hiki kinataka kuingia.

Mambo haya ya wengi ku mashini moja siyo mapya. Yalianza Marekani, ndani ya chuo cha MIT, mwaka 1961, wakati ordinatere moja ilikuwa inajaa chumba na ilibidi watu waigawane. Fernando Corbató na wenzake walimupa kila mutu jina na neno la siri, ili kila mutu aone faili zake tu. Kila mutafuti alikuwa na saa zake chache kwa juma. Mwaka uliofuata, mumoja wao, Allan Scherr, aliona zake hazimutoshe. Aliiomba mashini imuchapishie faili yenye maneno ya siri ya wote. Ilimuchapishia. Alienda kuchota saa za wengine, na alilisema hadharani miaka mingi sana kisha. Wasomi wale hawakukosa akili. Maneno yote ya siri yalikuwa mahali pamoja, na hakuna mwenye aliuliza nani anaweza kufika pale. Tunaikumbuka hadisi hii kila mara tunakuta kayé ya sekretere yenye maneno ya siri ya biro nzima, wazi ku meza.

Neno la siri la usimamizi sasa litakaa wapi? Kichwani mwa mutu mumoja hapana: watu wanakufa, wanahama, wanakosana. Tunafanya hivi. Wawili, mumoja wa komite na mumoja wa uchunguzi, wanalitunga pamoja, refu, maneno matatu ao mane yenye hayana uhusiano, na namba kati yao. Linaandikwa ku karatasi pamoja na zile namba 48. Karatasi inaingia ndani ya envelope, envelope inafungwa, wote wawili wanatia sahihi pale inafungiwa, na tarehe. Inalala ndani ya sanduku la koperative, pamoja na statuti. Siku kuna haja ya kuingiza programu, inafunguliwa mbele ya wawili, na kisha neno linabadilishwa na envelope mupya inafungwa. Koperative moja ya Beni inaandika ndani ya prosevebali kila mara envelope inafunguliwa. Tulicheka mara ya kwanza. Hatucheke tena.

Kuna jambo lingine lenye tunapaswa kusema bila kuficha. Konti na neno la siri zinamuzuia mutu mwenye amekaa mbele ya mashini. Hazimuzuie mwenye anachukua mashini, anaifungua na tournevis, anatoa diski na kuiweka ndani ya mashini yake. Kwake faili zote ziko wazi, isipokuwa kama diski ilifungwa kwa ufunguo wa siri. Sisi tuko katika état de siège tangu tarehe 6 Mei 2021. Tunajua biro zenye watu walizikimbia wakiacha hata viatu. Na listi ya wachimbaji iko na nini ndani? Majina, kijiji, namba ya telefone, mara ingine foto, na kiasi chenye kila mutu alipata. Kodi ya numerike ya inchi, ya tarehe 13 Machi 2023, inasema habari za mutu zilindwe, na mwenye anazikusanya anapaswa kuzichunga. Lakini mutu mwenye ameiba mashini kwa usiku hasome kodi. Wakati wa kuweka Ubuntu, pa diski, kuna nafasi ya kuchagua kuifunga nzima. Chagueni ile. Ni neno la siri lingine, na hili likipotea, hata Mark Shuttleworth mwenyewe hawezi kukusaidia. Kwa hiyo nalo liende ndani ya envelope, na kopi ya listi ikae mahali pengine. Koperative zenye ziko na watu miji miwili zina bahati: flashi moja inakaa Butembo, ingine Beni, kilometa 54 kati yao, zote mbili zimefungwa kwa siri.

Juu ya umeme, neno fupi. Usianze kuweka sisteme na umeme wa kukatika bila batri kujaa. Ikikatika katikati, munaanza upya, na fundi mwenye amechoka njo mwenye anaandika «User».

Ku nyumba pia, ndugu. Ordinatere ya nyumba ya muchimbaji mara mingi ni moja: binti yuko UCG anaandika TFC yake, mudogo wake anacheza, baba anaangalia bei ya zahabu, mama anaandika hesabu ya AVEC. Tunajua nyumba yenye mutoto wa miaka nane alifuta TFC juma moja mbele ya kuitetea. Alikuwa anatafuta nafasi ya kuweka mupira wake. Alipigwa, masikini. Kama angekuwa na konti yake ya kawaida, asingeona hata dosie ya dada yake. Wamama, wakati fundi anakuja nyumbani, mumuambie afungue konti moja ya wazazi yenye nguvu, na ya kila mutoto ya kawaida. Halipishe zaidi, ni dakika tano tano.

Na wenye mashini yao ilishawekwa zamani, wako na konti moja, User ao HP ao jina la kijana? Hakuna haja ya kufuta yote. Ingieni na ile konti, fungueni mupya yenye jina la usimamizi, muipe nguvu ya administratere, toka, ingieni ndani yake muhakikishe inafunguka. Njo kisha ile ya zamani muirudishe kuwa ya kawaida. Msigeuze utaratibu huu: ukiinyanganya nguvu konti ya zamani mbele ya kuwa na ingine, unaweza kujifungia inje. Windows mara mingi inakataa ukijaribu, lakini msiitegemee. Kama konti ilikuwa ya email ya fundi, mutafute yeye mwenyewe mbele ya kubadilisha kitu chochote, muchukue zile namba 48, kisha muitoe email yake.

Komite mupya ikichaguliwa, konti ya sekretere wa zamani isifutwe ile jioni ya uchaguzi, hata kama watu wanaimba. Fungieni neno lake la siri kwanza. Mukae naye siku moja, mukopi dosie za koperative zenye ziko ndani yake, atie sahihi kwamba zote zimetolewa, mumurudishie foto zake za arusi na barua zake. Kisha konti inafutwa, yeye akiangalia, na sekretere mupya anafunguliwa ya kwake, kwa jina lake.